Kuku Mwenyeji Aliyegeuzwa Mgeni

Nyumbani kwa bibi, Magomeni jijini Dar es Salaam, kuku walilala kwenye tundu la mbao nyuma ya jiko. Jua likianza kuzama bibi alitoka na bakuli la bati lenye pumba, akaligonga kwa kijiko mara tatu, nao wakaja mbio kutoka kila pembe ya ua. Aliwahesabu wakiingia, kisha akaegemeza kinu mlangoni ili paka shume asipate njia. Hayo tuliyazoea. Tulichoshindwa kukielewa, tukiwa watoto, ni ile siku habari ilipopita mtaani kwamba watu wa afya wanakuja. Bibi alilifunika tundu kwa gunia, akatuamuru tukae juu yake tucheze, na jogoo akapelekwa kwa jirani chini ya khanga. Mtu asiyewahi kuchukua cha mwenzake alikuwa anaficha kuku wake mwenyewe, ndani ya ua wake mwenyewe.

Nani aliamua kwamba kuku si wa mjini? Nimeisaka historia hiyo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyoona kwamba mgeni katika kisa hiki si kuku.

Asili ya kuku ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Pwani yetu aliifikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na wanaakiolojia waliochambua mifupa iliyofukuliwa Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wamemkuta miongoni mwa mabaki ya karne za mwisho za milenia ya kwanza. Maana yake ni kwamba miji ya Waswahili ilipokuwa bado michanga, kuku alikuwa ameshapiga hodi na kukaribishwa. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, na katika maelezo yake ya chakula cha pale anataja wali uliopikwa kwa samli na kitoweo juu yake, kuku akiwemo. Hakuna aliyemwambia msafiri yule kwamba mfugo huu ni wa shamba tu. Aliyefuga alifuga uani, jikoni, chini ya uvungu ikibidi, na mji ukawa mji.

Mstari ulichorwa na wakoloni. Dar es Salaam, Wajerumani walitunga kanuni za ujenzi mwaka 1891 zilizoligawa eneo la mji kwa aina ya nyumba, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu mwaka 1924. Kwa maandishi ilikuwa habari ya matofali, bati na makuti, lakini kila mkazi alijua maana yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, ilipata msukumo wake kutokana na ugonjwa. Tauni ilipozuka mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alipendekeza mji upangwe kwa kutenga watu kwa rangi zao. Hofu ya tauni ilikuwa ya haki, kwa maana watu walikufa. Lakini tauni huletwa na viroboto wa panya. Aliyekaa chumba kimoja na kuku watano hakuwa chanzo chake, naye ndiye aliyeangukiwa na kanuni.

Tazama sheria yenyewe ilivyoandikwa, kwani hapo ndipo palipo kiini cha jambo. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, ya mwaka 1921, haikusema kuku ni marufuku mjini. Ilisema kwamba jengo linalotumika kuweka wanyama au ndege, likijengwa au kutunzwa kwa namna ya kuudhi au ya kuhatarisha afya, ni kero mbele ya sheria. Kuudhi nani? Uamuzi uliachwa machoni na puani mwa ofisa. Nyumba yenye uwanja mpana iliweza kuweka banda mbali na dirisha, isimuudhi mtu. Nyumba ya Uswahilini, ukuta kwa ukuta, haikuwa na nafasi hiyo. Sheria moja, maneno yale yale, ikampita huyu na kumkamata yule. Baadaye zikaja sheria ndogo za halmashauri, kama zile za Nairobi za mwaka 1961, na askari wa kuzitekeleza: kanjo kwa Wakenya, mgambo kwa sisi wa Dar. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, na majalada ya sheria ndogo yakabaki kabatini yalivyokuwa.

Kampala ina kisa chake, na ni kisa kinachoniuma. Kando ya mji wa wakoloni palikuwa na Kibuga, makao ya ufalme wa Buganda pale Mengo, ambako nyumba zilikaa katikati ya migomba na mifugo ikazunguka humo humo. Ulikuwa mji kamili wenye utaratibu wake. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilitanuliwa, ikameza Mengo na maeneo mengine ya jirani hadi kufikia kilomita za mraba 195. Mtu alilala mfugaji, akaamka mvunja sheria. Hakuhama, hakuongeza hata kifaranga, ila mpaka ulimpita juu ya kichwa. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapa kamba ilifungwa mguuni pa mwenyeji.

Kilichoilegeza kamba hiyo ni njaa. Tanzania, halmashauri za miji zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hazikurudi hadi 1978. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikihimiza watu kulima: Siasa ni Kilimo mwaka 1972, kisha Kilimo cha Kufa na Kupona baada ya ukame kuleta uhaba mkubwa wa nafaka. Watu wa mjini nao waliambiwa walime, na ikawa vigumu kwa mtu yule yule kupigiwa kampeni asubuhi na kufukuzwa na mgambo jioni. Vikafuata vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, na mshahara ambao haukumfikisha mfanyakazi katikati ya mwezi. Neno “mradi” likapata maana mpya. Mradi wa kuku ulikuwa wa mwalimu, wa muuguzi, wa karani, wa mke wa mkurugenzi. Trei za mayai zilipanda ngazi za ofisi za serikali na kuuzwa meza kwa meza. Wakati huo sheria ilikuwa bado na meno, ila aliyepaswa kuitumia naye alikuwa na banda nyumbani.

Mwaka 1992 ndipo zilipotungwa Kanuni za Kilimo cha Mjini chini ya sheria ya mipango miji. Kwazo kilimo kilitambuliwa kuwa matumizi halali ya ardhi ya mji, kwa masharti: shamba lisizidi ekari 3, na ng'ombe walishwe bandani badala ya kuzurura barabarani. Miaka ishirini ya watu kujilisha kwa kuvunja sheria ilikuwa imepita kabla ya kalamu kuifuata.

Kenya ilianza kwa kuhesabu. Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilipita nyumba kwa nyumba katika miji 6, na ripoti yake ya mwaka 1987 ikaonyesha kwamba asilimia 29 ya kaya zililima chakula ndani ya mji zilimoishi na asilimia 17 zilifuga humo. Wengi wa wakulima hao walikuwa wanawake. Hizo ndizo tarakimu zilizobadilisha mazungumzo, kwa sababu mpaka hapo ofisa aliweza kusema ni watu wachache wakaidi waliokuja na tabia za kijijini. Huwezi kuwaita karibu theluthi moja ya wakazi wa miji wakaidi.

Kampala ikapata ushahidi wa aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Daniel Maxwell alichunguza kaya za jiji hilo, na yeye na wenzake wakaona kwamba watoto wa nyumba zilizolima walikuwa na urefu unaolingana zaidi na umri wao kuliko watoto wa nyumba zisizolima. Kwa mila ya zamani ya Buganda mwanamke hakula kuku wala yai, ingawa ndiye aliyewatunza. Sasa mwanamke huyo huyo ndiye aliyekuwa akilisha jiji, na vipimo vya watoto vikamshuhudia.

Kilichofuata nakiona kuwa hatua bora kuliko zote katika historia hii. Halmashauri ya Jiji la Kampala ilikaa na watafiti, maofisa kilimo na wakulima wenyewe, ikazipitia sheria ndogo za zamani na kuandika mpya 5: ya kilimo cha mjini, ya mifugo na wanyama wa nyumbani, ya maziwa, ya nyama na ya samaki. Zilipitishwa mwaka 2005 na kuanza kuhesabika kama sheria za mwaka 2006. Mfugaji alitakiwa kuwa na kibali. Wapo waliolalamika kwamba vibali ni vingi na maskini hawezi kuvimudu, na walikuwa na haki. Kibali kisicholipika ni marufuku kwa jina jingine. Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limetendeka: mfugaji wa mjini alitajwa ndani ya sheria kama mtu mwenye haki na wajibu.

Marekani, ambako kanuni za kutenga matumizi ya ardhi zimeota mizizi mirefu, mapambano haya yalikuwa yakiendelea wakati huo huo. Mwaka 1918, wakati wa vita, serikali yao ilibandika matangazo ya kuwahimiza raia wafuge kuku nyuma ya nyumba. Kanuni za mitaa zikaja kuwafukuza kuku hao katika miji mingi. Madison, jimboni Wisconsin, iliruhusu kuku jike wanne kwa nyumba mwaka 2004 baada ya watu kufuga kwa siri. Baraza la Jiji la Detroit lilipiga kura ya kuruhusu mwezi Novemba 2024. Kampala iliitangulia Detroit kwa miaka 18, na sijawahi kusikia mtu akiisifu kwa hilo.

Nairobi ilichelewa, lakini ilikuja na nguvu ya katiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na ikazikabidhi kaunti kazi ya kilimo na ufugaji. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ikapata sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa chakula cha nyumbani na kwa biashara. Kazi ya ofisa ikageuka: pamoja na kusimamia usafi, sasa anadaiwa ushauri na mafunzo.

Wanaopinga wana hoja zinazostahili kujibiwa. Harufu ipo. Jogoo huwika saa kumi usiku. Mwezi Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa kwenye ndege wa mwituni pembeni mwa Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Lakini fikiria: ofisa wa mifugo atawafikiaje kuku waliofunikwa gunia? Banda lililofichwa halichanjwi wala halikaguliwi, na vifo vyake havitolewi taarifa. Adui mkubwa wa kuku wetu ni mdondo, ambao pia huitwa kideri, na chanjo yake inayostahimili joto hutiwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa baada ya miezi michache. Nimeshuhudia kazi hiyo ikifanyika. Mama mmoja anashika kuku, wa pili anafungua kope kwa kidole gumba, wa tatu anadondosha na kusubiri kuku apepese. Ua mzima ulimalizika kabla chai haijapoa. Inachohitaji ni mtu asiyeogopa kufungua geti lake.

Bado kuna kazi. Baadhi ya sheria ndogo za miji yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Tanzania ilishakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria tangu mwaka 2021. Nawaomba madiwani na wakuu wa halmashauri zetu: zitafsirini sheria ndogo za mifugo, mzibandike kwenye kila ofisi ya mtaa, idadi ya kuku inayoruhusiwa, umbali wa banda na ada ya kibali vionekane kwa herufi kubwa. Na wewe msomaji uliye na tundu nyuma ya jiko, nenda ukaiulizie sheria hiyo kwa mtendaji wa mtaa wako wiki hii. Bibi yangu alifariki kabla hajasomewa sheria hiyo.