Majivu Usoni mwa Bibi

Bibi aliitazama picha yake kwenye kompyuta kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza: "Nani kanipaka majivu?"

Tulikuwa barazani kwake, Handeni. Miezi miwili kabla nilikuwa nimemrekodi kwa ajili ya filamu fupi inayoambatana na tasnifu yangu ya uzamili. Alisimulia namna walivyokuwa wakishuka hadi Korogwe kwa miguu enzi za ujana wake. Ule ukijivu nilikuwa nimeutazama wiki nyingi nikihariri, macho yakauzoea, na nakiri nilifikia hata kuuona ni usanii.

Kamera yangu hurekodi kwa mfumo wa logi. Huubana mwanga ili giza la chini ya paa na jua la nje viingie vyote katika faili moja. Lakini faili hilo ni nambari tu, na nambari peke yake haina rangi. Ni kama saa. Nikikuambia tuonane saa mbili asubuhi, Mswahili anafika jua limeshachomoza. Mgeni anayehesabu kwa saa ya kwao atafika saa nane za usiku, akutane na mbwa. Wote wawili wamesikia neno lilelile. Programu ya kuunganisha picha nayo inahitaji kuambiwa inasoma kwa saa ipi, na usipoiambia inakisia, wala haikuonyi kwamba imekisia. Mimi niliiacha isome logi kana kwamba ni sRGB, kipimo cha skrini za kompyuta kilichotungwa mwaka 1996. Ndiyo majivu aliyoyaona Bibi.

Lingekuwa kosa la uhariri tu, ningecheka yakaisha. Usiku ule nilikumbuka kipande kingine.

Juu ya Korogwe, kwenye milima ya Usambara, kuna Vugiri. Kati ya 1935 na 1937 hapo palikuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Meja L. A. Notcutt aliongoza upigaji picha, Geoffrey Latham upande wa elimu. Walitengeneza filamu zipatazo 35 za milimita 16, kuhusu minyoo, chai, akiba ya posta, sauti ikiwa kwenye sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa kulingana na watazamaji. Mwaka huohuo wa 1935 Kodak walianza kuuza Kodachrome, filamu ya rangi ya milimita 16. Vugiri walibaki na nyeusi na nyeupe. Serikali za Afrika Mashariki hazikukubali kuendelea kuugharimia mradi, ukafa. Filamu tatu zimehifadhiwa British Film Institute, London.

Nakala ya dakika chache nilikuwa nayo, na katika sura ya pili ya tasnifu nilikuwa nimeandika kurasa tatu kali: kwamba wapigapicha hawa hawakujali nyuso za Waafrika, wakaziacha zizame gizani huku anga likiwaka. Hoja ilikaa vizuri mno. Katika kitabu chao cha 1937, The African and the Cinema, Notcutt na Latham wanashikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji filamu nyepesi na ya taratibu. Watu wenye fikra hizo, nilijiambia, wangeonaje nyuso? Msimamizi wangu aliandika pembeni: "Safi sana."

Nilifungua mpangilio. Faili lilikuwa limeshageuzwa kuwa video ya kawaida, nami nilikuwa nimeliambia programu kuwa ni logi ya Cineon, kipimo ambacho Kodak walikitunga mwanzoni mwa miaka ya 1990: ngazi 1,024, weusi kwenye 95, weupe kwenye 685, na zilizobaki juu zikiachiwa mng'ao, kama wa jua kwenye bati. Ukisoma video ya kawaida kwa kipimo hicho, vivuli vinazama na mwanga unalipuka. Nilibadilisha neno moja. Nyuso zikarudi: mzee akikunja paji la uso, kijana akijizuia kucheka mbele ya kamera. Mpigapicha alikuwa amewaona vizuri kabisa. Aliyewazamisha ni mimi, miaka themanini na ushee baadaye, nikiwa na hasira ya haki.

Nilizifuta zile kurasa. Fikra za kitabu bado nazipinga, kwa maneno yao wenyewe yaliyochapishwa, lakini sura ile sasa ni fupi na haina tena "safi sana" pembeni.

Wiki iliyofuata nilimpelekea Bibi picha iliyosahihishwa. Ngozi ilikuwa yake, udongo nyuma yake mwekundu, kanga inawaka. Akasogea karibu na skrini.

"Huyu sasa ni mimi," alisema. "Ila kanga hiyo, mjukuu wangu, imechujuka siku nyingi. Mbona umeifanya mpya?"