Utaje Mshahara Gani Soko Likibana? Historia Ina Jibu

Leo tuache kodi za programu kidogo tuongee pesa. Swali ni hili: mtaalamu wa tarakilishi mwenye miaka minane au kumi kazini, na kazi zimeadimika, ataje mshahara gani akiulizwa? Wengi wetu huhesabu miaka ya uzoefu kisha tukaongeza kidogo juu. Mimi naona hesabu hiyo ina kasoro, na ushahidi uko Marekani, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990. Wakati huo mimi nilikuwa bado nambebwa mgongoni, kwa hivyo haya nimeyasoma tu.

Tuanze na tatizo la mwaka 2000. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa sababu nafasi ya kuhifadhi data ilikuwa ghali. Mwaka 1999 ulikuwa 99, na 2000 ungekuwa 00, ambao mashine ingeuona kama 1900. Mabenki, bima na serikali zilishtuka. Nyingi ya programu hizo zilikuwa zimeandikwa kwa COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959, na vijana hawakuijua. Basi wazee waliokwisha kustaafu wakaitwa warudi kazini, na wakalipwa vizuri! Wizara ya Biashara ya Marekani ilikadiria kwamba nchi hiyo peke yake ilitumia karibu dola bilioni 100.

Papo hapo kampuni za mtandao zilikuwa zinachipuka kama uyoga. Nyingi zililipa sehemu ya ujira kwa haki ya kununua hisa baadaye kwa bei ya leo. Watu walijiona matajiri kwenye karatasi.

Kisha tarehe 10 Machi 2000 soko la hisa la NASDAQ likafika kilele, pointi 5,048. Kufikia tarehe 9 Oktoba 2002 lilikuwa limeanguka hadi 1,114. Karibu asilimia 78 ya thamani ilikuwa imeyeyuka. Hisa za wengi zikawa karatasi tupu. Na kazi ya mwaka 2000 ilikuwa imekwisha, kwa hivyo waliokuwa wakitafutwa kwa tochi wakaanza kutafuta wao. Ujuzi wao haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni haja ya mwajiri.

Wageni walibanwa zaidi. Viza ya H-1B ilikuwa na kikomo cha watu 65,000 kwa mwaka. Bunge likakipandisha hadi 115,000, na Oktoba 2000, miezi saba baada ya kilele, likapitisha 195,000. Mlango ulifunguliwa karamu ikiwa inakwisha! Kikomo kilirudi 65,000 mwaka wa fedha wa 2004. Mwenye viza hiyo akipoteza kazi hakuwa na hata siku za neema. Siku 60 zilikuja mwaka 2017. Mtu kama huyo atabishania mshahara kwa ujasiri gani?

Sasa sikiliza sehemu inayoniudhi. Soko lilipofufuka, kampuni kubwa za California, zikiwemo Apple, Google, Intel na Adobe, ziliwekeana ahadi za chinichini kwamba hazitapigiana simu kuchukuliana wafanyakazi. Simu hiyo ina maana kubwa. Hata ukiikataa, umeshajua bei yako, na jirani yako wa meza atajua pia. Wizara ya Sheria iliingilia kati mwaka 2010. Wafanyakazi zaidi ya 64,000 nao wakawakilishwa mahakamani. Jaji Lucy Koh alikataa suluhu ya dola milioni 324.5 mwaka 2014 akiona ni ndogo, na mwaka 2015 akaidhinisha milioni 415. Gawanya uone: haifiki dola 6,500 kwa kila mtu, kabla ya mawakili kuchukua chao.

Kwetu je? Septemba 2019 kampuni ya Andela, iliyofundisha vijana na kuwakodisha kwa kampuni za nje, ilitangaza kuwaachisha kazi 250 Nigeria na Uganda, na wengine 170 Kenya wakawa hatarini. Ilisema wateja walitaka wenye uzoefu. Kwa hivyo uzoefu una bei, lakini ni pale tu unapokutana na haja ya mtu.

Mimi nimejifunza mambo matatu. Kwanza, usiing'ang'anie bei ya wakati wa neema kana kwamba ni cheo chako. Uliza mwajiri huyu atakwama wapi bila wewe, kisha taja bei ya hapo. Pili, hisa za ahadi usizilipie kodi ya nyumba kichwani mwako. Hesabu mshahara unaoingia benki. Tatu, tuambiane mishahara. Kwetu mshahara ni siri kuliko nywila, na siri hiyo hainufaishi yeyote ila anayelipa. Kampuni za California ziliogopa simu moja tu ya kukufahamisha bei yako. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha ina thamani gani.

Wewe mwenzangu, mara ya mwisho kumuuliza mwenzako analipwa ngapi ilikuwa lini?