Gitaa la Kwako: Lazima Liwe na Nini?

Tangu tukubaliane kwamba kikundi kitachonga gitaa lake la umeme badala ya kusubiri la kupewa, kila mtu ana sharti lake. Mmoja anataka pikapu tatu (pikapu ya gitaa jamani, siyo gari), mwingine anataka trimolo, mwingine yeye anataka rangi nyekundu tu. Mbao tunayo moja na pesa ni kidogo. Nimeona nilete historia kidogo, maana haya mabishano siyo sisi tulioyaanza.

Zamani gitaa lilikuwa mbao na tundu, na ukikaa karibu na matarumbeta na ngoma hakuna anayekusikia. Shida ilikuwa hiyo tu. Mwaka 1931 huko California, George Beauchamp alitengeneza kifaa cha sumaku na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, kikakaa kwenye nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya ule waya, unakwenda kwenye amplifaya, spika inalia. Ndiyo pikapu hiyo, na hadi leo haijabadilika sana. Zingatieni neno chuma: sumaku haiusikii uzi wa nailoni. Nyaya za breki za baiskeli, zile mafundi wetu wanazotumia, ni chuma, kwa hiyo hapo tuko salama.

Shida ya pili ikaja na umeme wenyewe. Gitaa lenye tumbo wazi ukiliweka karibu na spika yenye sauti kubwa linaanza kupiga mluzi, kwa sababu sauti ya spika inaingia tumboni na kutikisa nyuzi tena. Les Paul, mpiga gitaa Mmarekani, akasema basi tumbo litoke. Karibu mwaka 1940 alichukua gogo la msonobari la inchi nne kwa nne, akaweka pikapu na nyuzi, na likaitwa hivyohivyo, Gogo. Halafu akalibandikia mabawa ya gitaa la kawaida pembeni ili watu waone ni gitaa. Yaani yale mabawa yalikuwa ya macho tu. Kampuni ya Gibson mwanzoni ilimcheka. Gitaa lenye jina lake walilitoa mwaka 1952, baada ya Leo Fender kuonyesha kwamba gitaa gumu linauzika. Fender mwenyewe alikuwa fundi redio, hata kupiga gitaa hakujua.

Lakini hadithi ambayo mi naiona inatuhusu zaidi ni ya Brian May, yule wa kundi la Queen. Agosti 1963 alikuwa kijana wa miaka 16 huko Feltham, pembeni ya London, na gitaa alizozitamani hakuweza kuzinunua. Baba yake, Harold, alikuwa mtu wa elektroniki. Wakaanza kuchonga wawili. Shingo ilitoka kwenye ubao wa juu ya meko ya zamani uliokuwa unatupwa. Ulikuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Katikati ya mwili ni mwaloni wa meza kuukuu. Springi za trimolo ni za injini ya pikipiki ya mwaka 1928, mkono wake ulitoka kwenye baiskeli, na ncha ya mkono ni sindano ya mama ya kufumia. Zile alama nyeupe za shingoni ni vifungo vya nguo, vya mama pia. Kazi ilichukua kama miaka 2, na vifaa viligharimu karibu pauni 8, ukiacha pikapu.

Sasa angalieni masharti ya huyo kijana. Les Paul aliondoa tumbo ili mluzi ufe. May aliacha nafasi ndani ya mwili makusudi, kwa sababu alitaka mluzi uje, ila uje kama noti, siyo kama kelele. Alitaka trimolo ambayo ukiiachia nyuzi zinarudi palepale. Ndiyo maana sehemu inayoshika nyuzi waliikalisha juu ya ukingo wa chuma kama wa kisu, na kwenye daraja wakaweka vigurudumu vidogo, uzi upite bila kukwama. Tena alitaka kila pikapu iwe na swichi ya kuwasha na kuzima, na nyingine ya kugeuza mwelekeo wa umeme wake. Hapo pikapu 3 zikampa sauti ambazo gitaa za dukani hazikuwa nazo. Pikapu za kwanza alizisokota mwenyewe, lakini akivuta uzi pembeni zilitoa sauti ya ajabu, basi akanunua za Burns, akazijaza gundi ili nyaya za ndani zisitikisike. Mwaka 2002 alipanda juu ya paa la ikulu ya Buckingham kumpigia Malkia, na gitaa mkononi lilikuwa hilohilo la meko na pikipiki.

Eddie Van Halen alikwenda njia nyingine kabisa. Yeye alizaliwa Amsterdam mwaka 1955, mama yake ana asili ya Indonesia, familia ikahamia California alipokuwa mtoto. Alitaka mlio mzito wa pikapu ya Gibson na trimolo ya Fender kwenye gitaa moja. Akanunua mwili wa dola 50 na shingo ya dola 80, akachimba mbao mwenyewe, akategemea pikapu moja na kitufe kimoja cha sauti. Vingine vyote hakuvihitaji. Pikapu aliichovya kwenye nta iliyoyeyushwa, kwa sababu ileile ya May na gundi yake.

Na kwetu Kongo je? Franco Luambo, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938, utotoni alipiga gitaa la kopo lenye nyaya za umeme zilizochunwa plastiki, pale sokoni Léopoldville mama yake alipokuwa akiuza maandazi. Mwaka 1953 tayari alikuwa studio. Miaka hiyohiyo Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme mjini. Kumbe wanamuziki wetu hawakuhangaika kuchonga mwili mpya, walibadilisha uzi. Kwenye mi-solo uzi wa nne mnene unatolewa, unawekwa mwembamba, unakazwa hadi noti ileile lakini oktava moja juu. Basi gitaa la katikati linapata mlio wa kupanda, linakaa kati ya akompanyema na solo bila kugombana nao. Gharama yake ni uzi mmoja! Katika marekebisho yote niliyoyataja hili ndilo ninalolipenda kupita yote, na siyo kwa sababu tu mimi ni Mkongomani.

Mimi nikiulizwa, tuanze na pikapu moja, ya kuchovya kwenye nta ya mishumaa. Sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, isiguse moto wenyewe, nta inawaka. Trimolo tuiache. May na baba yake walihangaika na vigurudumu na ukingo wa kisu ili nyuzi zisipotee, na hao walikuwa na nyuzi za dukani. Sisi na nyaya za breki tutashinda tunakaza kila wimbo.

Sharti ambalo sitalilegeza ni shingo. Urefu wa uzi, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, unaugawanya kwa 17.817, na hapo unapata mahali pa kile chuma cha kwanza cha kubania. Kilichobaki unakigawanya tena kwa namba hiyohiyo, unapata cha pili, na kuendelea. Kwa uzi wa sentimita 61, karibu sawa na wa May, cha kwanza kinakaa sentimita 3.42 kutoka kichwani, cha pili 3.23 kutoka hapo. Ukikosea hapa hakuna swichi ya kukuokoa: gitaa litaimba vizuri likiwa wazi, na litapotoka kila ukibana. Cha 12 lazima kiangukie katikati kabisa ya uzi. Fundi achore vyote kwa penseli kwanza, apime cha 12, na kama hakipo kwenye 30.5 asigonge hata kimoja.