Mwanakupona: Jina Lililobaki Vitabuni



Mwezi huu mtukufu, kama miezi mingine yote, watoto wanazaliwa. Na ikikaribia siku ya saba, akika haijachinjwa, kuna swali moja lazima lizuke nyumbani: aitwe nani? Wa kiume aliyezaliwa mwezi huu mara nyingi huitwa Ramadhani na mambo yakaisha. Wa kike ndiye mwenye mjadala. Shangazi ana jina lake, nyanya ana lake, na baba naye siku hizi anatoa simu mfukoni kutafuta orodha ya majina mazuri.

Sasa hebu fikiria nyanya aseme, "Muiteni Mwanakupona." Wako watakaocheka. Na wako watakaouliza, tena kwa nia njema kabisa: kwani hilo ni jina la Kiislamu?

Swali hilo nimelisikia kwa masikio yangu, kwenye darsa ya vijana, na aliyeulizwa ni msichana mwenye jina lenyewe. Aliangalia chini, hakujibu. Wiki mbili baadaye alikuwa akijitambulisha kwa jina jengine. Tangu siku hiyo nimekuwa na deni, na makala hii ndiyo malipo.

Tuanze na jina lenyewe. Liko sehemu mbili, mwana na kupona. Wengi wetu tukisikia "mwana" tunafikiria mtoto, kwa hivyo tunadhani maana yake ni mtoto wa kupona. Lakini kule visiwa vya Lamu, Pate, Siyu na Faza, mwana ni neno la heshima kwa mwanamke, mwenzake bwana. Anapoitwa Bwana fulani, mkewe au dadake ni Mwana fulani. Ndiyo maana katika tarikhi ya Pate tunamkuta malkia wa karne ya 18 akiitwa Mwana Khadija, na wazee wa Mombasa wanamtaja Mwana Mkisi kuwa ndiye aliyetawala mji huu zamani sana. Hawakuwa watoto hao! Kwa hivyo Mwana Kupona ni kama kusema Bibi Kupona. Baadaye maneno mawili yakashikana yakawa jina moja, kama yalivyoshikana Mwana na Aisha tukapata Mwanaisha.

Na kupona? Hilo kila mtu analijua. Mgonjwa akipata afueni amepona. Gari likipinduka mtu akatoka mzima, amepona. Chombo kikizama akafika pwani, amepona. Na katika lugha ya tendi za zamani neno hili hufika mbali zaidi, likawa ni kuokoka huko Akhera pia. Ni neno la Kibantu, si la kuazima. Hata kuliandika kwa herufi za Kiarabu kuna kazi, kwa sababu Kiarabu hakina "p". Waandishi wetu wa zamani walioandika Kiswahili kwa herufi hizo wengine walitumia be tu, wengine wakachukua ile herufi ya Waajemi yenye nukta tatu chini. Msomaji alitakiwa ajue mwenyewe kuwa hapa pasomwe Kupona.

Je, dini inasemaje? Mtume (S.A.W.) alikuwa akibadilisha majina, lakini angalia aliyabadilisha yapi. Kulikuwa na mwanamke akiitwa Asiya, kwa maana ya mwasi, akamwita Jamila. (Si yule Asiya mke wa Firauni, kwa Kiarabu herufi ni mbali mbali, sisi ndio tunaziandika sawa.) Kulikuwa na mtu akiitwa Hazn, yaani ardhi ngumu, akamwambia wewe ni Sahl, ardhi laini. Yule bwana akakataa, akasema habadilishi jina alilopewa na babake, na mjukuu wake alikuja kusimulia kwamba ule ugumu haukuwatoka ukoo mzima. Majina yote hayo yalikuwa ya Kiarabu safi! Kosa lilikuwa kwenye maana. Upande wa pili, Mariya alitoka kwa Makopti wa Misri, na akabaki na jina lake.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mimi lilinifurahisha nilipoligundua. Miongoni mwa masahaba wa kike alikuwako bibi mmoja wa Kikureishi akiitwa Ash-Shifaa bint Abdillahi. Huyu alikuwa katika wachache waliojua kusoma na kuandika Makka, na imepokewa kuwa ndiye aliyemfunza Bi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), kuandika. Shifaa ni nini? Ni kupona. Jina ni lile lile. Hakuna atakayemuuliza binti anayeitwa Shifaa kama jina lake ni la Kiislamu, lakini Mwanakupona anaulizwa. Tofauti hapo ni lugha peke yake.

Na kama Ash-Shifaa alivyojulikana kwa kalamu, na wetu pia alijulikana kwa kalamu. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa kisiwani Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na mtawala wa Siyu, Bwana Mataka, ambaye kwa miaka mingi aliwapinga masultani wa Unguja. Siyu wakati huo haikuwa mji wa kuchezewa. Sayyid Said alituma majeshi huko na yakarudi yamevunjika. Mwaka 1845 hata amiri wake mkuu aliuawa. Mji ule haukutiishwa mpaka zama za Sayyid Majid, katika miaka ya 1860. Ngome yake ipo mpaka leo, ukifika Siyu utaiona pale karibu na maji.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 wa Hijria, mjane wake alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa kama miaka 17. Utendi una beti 102. Ukiutaja leo kwa vijana, kila mtu anakumbuka kitu kimoja tu, ile nasaha ya mke kwa mumewe, na hapo mabishano huanza. Wako wanaousifu na wako wanaoulaumu. Mimi naona pande zote mbili zinapita haraka kwenye mlango. Kwani mwanzo kabisa mama huyu anaeleza hali yake: ni mgonjwa, na ugonjwa umetimiza mwaka. Anamwambia binti asogee na wino na karatasi kwa sababu hajui kama atapata wakati mwengine. Na mwisho wa utendi, nasaha zikishaisha, kuna dua ndefu. Anawaombea watoto na ndugu zake, na anajiombea mwenyewe afya.

Yaani mtu aliyeitwa Kupona ameketi kitandani anamuomba Mola kupona. Suratu Shu'araa inatueleza kuwa Nabii Ibrahim alimsifu Mola wake kuwa ndiye anayemponya anapougua. Mama yule alijua mlango wa kubisha.

Kwa maradhi yale hakupona. Alifariki miaka michache baadaye, kwa ugonjwa wa kutokwa na damu kama ilivyohifadhiwa na watu wake. Mengi tunayoyajua juu ya maisha yake yalitokana na huyo Mwana Hashima, ambaye aliishi mpaka uzee mkubwa. Utendi ukanakiliwa na kusomwa na wanawake majumbani, kisha Alice Werner, mtaalamu wa Kiingereza, akauchapisha mwaka 1917, na tena mwaka 1934 akiwa na William Hichens. Leo unasomwa vyuo vikuu vya ng'ambo. Ndani ya dua ile aliomba majina ya watoto wake yakue yaenee duniani. Lililoenea zaidi ni lake yeye.

Lakini lilienea vitabuni, si mitaani. Angalia majina ya wasichana kutoka Lamu mpaka Vanga, hata uvuke ufike Tanga na Unguja. Mwanajuma utampata, Mwanahamisi utampata, Mwanaidi, Mwanasiti, Mwanakombo, wote wapo. Mengi ni siku ya kuzaliwa au jina la Kiarabu lililotiwa Mwana mbele, na hayo yamedumu. Mwanakupona ni wa kutafutwa. Nadhani sababu moja ni hilo swali la darsani. Sababu nyengine ni kwamba tukitaka kumwombea mtoto afya siku hizi tunamwita Salama au Shifaa, tunaona yana uzito zaidi. Na sababu ya tatu ni makaratasi.

Hili la makaratasi nililishuhudia. Mtaani kwetu kuna mama mmoja mtu mzima anaitwa Mwanakupona. Alizaliwa hajiwezi, hanyonyi, wakunga wakakata tamaa. Siku ya saba akiwa bado anapumua, babake akampa jina hilo kama dua. Sasa alipokwenda kwenye ofisi moja kuchukua kitambulisho, karani akaona jina refu, akalikata vipande viwili. Jina la kwanza: Mwana. Jina la pili: Kupona. Jina la babake likasukumwa mwisho, la babu likaanguka kabisa. Miaka ikapita, akataka pasi ya kwendea Hija, majina ya kitambulisho hayalingani na ya cheti cha ndoa. Nenda rudi, njoo kesho, lete mashahidi. Ofisa mmoja akamshauri achague jina jepesi, wamwandike Amina, yaishe.

Akakataa. Alilipa wakili, akala kiapo kwamba Mwana Kupona na Mwanakupona ni mtu mmoja, akasubiri karibu mwaka mzima. Pasi ilipotoka nilimwomba nione. Limeandikwa neno moja, herufi kumi na moja.

Yule msichana wa darsani ni mjukuu wake, somo yake. Nimempelekea nakala ya gazeti hili.