Kabla Hujawacheka Wanaompa Nyoka Maziwa

Kila mwaka kati ya Julai na Agosti kuna video lazima ikufikie kwa simu. Mama wa Kihindi amevaa sari, mbele yake kuna sanamu ya swila, na anaimwagia maziwa. Wakenya wakiiona wanaanza kukemea mapepo. Riswa! Wasee, tulieni kidogo. Hiyo siku inaitwa Nag Panchami, na stori yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Nag ni nyoka, hasa swila. Panchami ni siku ya tano. Ni siku ya tano ya nusu ya mwezi wa Shravan, na juu kalenda yao inafuata mwezi wa angani, tarehe haikai mahali pamoja. Wagujarati, ambao ndio Wahindu wengi unaowaona Kenya, hufanya yao wiki mbili hivi baada ya wengine. Wanawake hufunga, huchora nyoka ukutani karibu na mitungi ya maji. Kesho yake wanapika chakula kingi, kesho kutwa jiko haliwashwi kabisa, wanakula kiporo. Halafu ndio inafika siku ya kuzaliwa kwa Krishna.

Chanzo kinachotajwa sana kiko kwa Mahabharata. Mfalme Parikshit aliumwa na nyoka anaitwa Takshaka, akafa. Mwanawe, Janamejaya, akaapa kumaliza ukoo mzima wa nyoka. Moto mkubwa ukawashwa, makuhani wakasoma maneno yao, na nyoka wakaanza kuvutwa kutoka kila pembe ya dunia wakiangukia ndani. Aliyesimamisha hiyo kitu ni kijana anaitwa Astika. Baba yake alikuwa mtawa, mama yake alikuwa wa ukoo wa nyoka. Yaani alikuwa na wajomba kwa huo moto. Akamsifu mfalme mpaka mfalme akamwambia aombe chochote. Akaomba moto uzimwe. Kimila inasemwa ilikuwa siku hiyo ya tano, na maziwa yalimwagwa kuwapoza waliokuwa wameungua.

Kwa hivyo hiyo ni sikukuu ya mauaji yaliyokatizwa. Mimi hapo ndipo ilinishika.

Kuna pia upande wa shamba. Shravan ni msimu wa mvua India. Mashimo yanajaa maji, nyoka wanatoka, na mkulima yuko shambani miguu mitupu. Utafiti uliotoka 2020 ulikadiria India ilipoteza watu karibu 58,000 kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, kati ya 2000 na 2019. Ukiishi na hatari kama hiyo utatafuta mkataba. Ndio maana siku hiyo wakulima wengi hawalimi wala kuchimba udongo.

Sasa, hawa watu walifikaje kwetu? Reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa mpaka Ziwa Victoria, na karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Maduka ya miji ya reli, Nakuru ikiwemo, yalijazwa sana na wafanyabiashara kutoka Gujarat. Baadaye reli ikapitia hapa Rongai (ya Nakuru, tafadhali, sio ile ya matatu za fujo), ikafika Eldoret 1924 na Kampala 1931.

Fuata hiyo reli mpaka Buganda. Huko Buddu, kabla ya wamisionari kumaliza kazi yao, kulikuwa na hekalu la chatu anaitwa Selwanga. Mmisionari John Roscoe aliandika habari zake kwa kitabu chake cha 1911: kulikuwa na mwanamke wa kumhudumia chatu, na alimpa maziwa yaliyochanganywa na udongo mweupe. Watu walienda kumwomba watoto. Maziwa, buda! Na hakuna Mgujarati aliyewafundisha.

Na sisi? 1987, Nyakach, kulikuwa na chatu anaitwa Omieri, ambaye wenyeji waliamini analeta mvua na mavuno. Moto wa vichaka ukamchoma. Akapelekwa Nairobi kutibiwa, nchi nzima ikifuata habari zake, na akafa huko. 2003 chatu mwingine akatokea pande hizo hizo, akapewa jina lile lile, na watu wa kanisa wakagombana na wazee kumhusu.

Lakini sio kila desturi naitetea. Nyoka hanywi maziwa, mwili wake haujaumbiwa hiyo kazi. Wale wanaozunguka na swila kwa kikapu huwanyima maji siku nyingi mpaka wanywe chochote, na wengine huwang'oa meno. Sheria ya wanyamapori ya India ya 1972 inakataza kuwashika, na bado watu hulipa kuona. Mwagia sanamu, sawa. Nyoka mwenyewe mwache shimoni.

Hapa Rongai nyoka akionekana karibu na ghala, watoto wanaitwa na mawe, hata kama ni yule asiye na sumu aliyekuja kula panya wa mahindi yetu. Msimu wa kusafisha shamba tunawasha mabua bila kuangalia ndani kuna nani. Kwa Nag Panchami yote, mimi ningechukua hiyo siku moja tu ya jembe kulala, na kiberiti pia.