P0401: kutoka ukungu wa California hadi pikapu ya Malindi

Leo naweka kando mambo ya programu niongee kuhusu gari, ingawa mkivumilia mtaona ni programu zile zile, zimepakwa grisi tu.

Mwaka jana taa ya injini ya pikapu yetu ya dizeli iliwaka tukitoka Marafa. Nikaipeleka kwa fundi hapa Malindi, akachomeka mashine, ikatoa P0401. "Valvu ya EGR imekufa," akasema. Tukanunua nyingine, na bei yake si ya mchezo. Akafuta msimbo (naita msimbo kwa sababu kodi tayari tunayo ya nyumba), taa ikazima, nikalipa, tukaagana vizuri. Baada ya siku mbili taa ikawaka tena, na msimbo ni ule ule.

Nilipomrudia akacheka. "Wewe si mtu wa kompyuta? Ingia humo ndani uitoe kabisa, isiulize tena." Hilo linawezekana na wapo wanaolifanya kwa malipo. Lakini mimi sifuti ujumbe wa kosa kabla ya kujua nani aliuandika na alikuwa akimwambia nani. Basi nikaanza kusoma.

Ujumbe huu asili yake ni Los Angeles. Julai 1943 mji ule ulifunikwa na ukungu unaochoma macho, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, wako waliodhani Wajapani wamewarushia gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza harufu ya mananasi, akaonyesha kwamba ukungu ule unapikwa na jua kutokana na moshi wa petroli pamoja na oksidi za naitrojeni. Oksidi hizo huzaliwa ndani ya injini pale moto unapopanda sana, hasa kupita nyuzi 1,370 hivi za Selsiasi. Dawa iliyopatikana inachekesha ukiisikia mara ya kwanza: chukua sehemu ya moshi wa eksosi, urudishe ndani ya injini. Moshi huo hauna oksijeni ya kutosha kuwaka tena, hivyo unapoza moto. Hiyo ndiyo EGR, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imeingia kwenye magari ya Marekani.

Wakati huo kutafuta ubovu kulikuwa rahisi kuliko leo, jamani. Valvu ilivutwa na vakyumu kupitia kimpira chembamba. Injini ikiwa moto na inanguruma polepole, fundi anavuta hewa kwenye kimpira, hata kwa mdomo. Injini ya petroli ikitetemeka au kuzima, njia iko wazi. Ikiendelea kama kwamba hakuna kitu, ama valvu haifunguki ama njia imezibwa na masizi. Kipimo hicho kilikuwa kinaiuliza injini yenyewe.

Kisha ikaja kompyuta. Kwa magari ya mwaka 1988, California ilidai gari lijikague na kuwasha taa. Kila kampuni ikajitungia lugha yake. Kwenye Toyota za zamani uliunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kisha ukahesabu taa inavyopepesa. Mimi huo ndio ninaouita muingiliano mzuri wa mtumiaji: waya mmoja na macho mawili. Mwaka 1996 Marekani ikayalazimisha magari mapya yote yatumie plagi moja na misimbo inayofanana, na hapo ndipo P0401 yetu inapotoka: mtiririko wa EGR hautoshi.

Someni tena maneno hayo. Hayasemi valvu imekufa. Hakuna sensa inayouona moshi ukipita, kwa hiyo kompyuta inakisia. Gari moja linapima tofauti ya mgandamizo kwenye bomba, jingine linapima joto, na dizeli nyingi zinapima hewa safi inayoingia: valvu ikifunguka, hewa safi lazima ipungue kwa sababu moshi umechukua nafasi yake. Isipopungua, kompyuta inaandika P0401. Kosa linaweza kuwa valvu, kimpira kilichopasuka, masizi, au sensa ya hewa inayodanganya. Tena, kwa kawaida haiwashi taa mara ya kwanza. Inasubiri kosa lijirudie katika safari ya pili. Ndiyo maana ukifuta msimbo bila kutengeneza chochote, gari linaonekana limepona siku moja au mbili, na kwa fundi hizo zinatosha kulipwa. Simtuhumu wangu. Naye aliona taa imezima kama mimi.

Sasa, masizi yanatoka wapi kwa wingi huu? Magari yetu mengi yametengenezwa kwa sheria na mafuta ya Japani, yakaja Kilindini yakiwa yametumika, chini ya kanuni ya Kenya ya miaka 8. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alizunguka na chupa ya masizi ya dizeli akiwaonyesha waandishi wa habari, na kuanzia Oktoba 2003 dizeli chafu zikapigwa marufuku Tokyo na majirani zake. Gari lisilotakiwa kule lilikuwa na soko kwingine. Huku kwetu petroli yenye risasi iliondolewa mwaka 2006 tu, na dizeli ya salfa chache, sehemu 50 kwa milioni, ikaja Afrika Mashariki Januari 2015. Salfa huongeza chembechembe kwenye moshi na kutengeneza asidi. Kwa miaka mingi, basi, injini zilizobuniwa kwa mafuta safi zilirudishiwa moshi wa mafuta machafu. Fundi wa pwani aliyechoka kukwangua masizi akapata suluhisho lake, yaani kibati cha kuziba njia. Kwa upande wa injini hakukosea sana.

Nilichomeka kisomaji changu cha bei ya chini, kopi ya ELM327. (Kisa chake nakipenda: watengenezaji wa Kanada hawakuwasha kinga ya kunakili kwenye toleo la kwanza la chipu, na dunia nzima ikajaa kopi.) Nikatazama tarakimu za hewa kwenye simu. Valvu ikaamriwa kufunguka, hewa haikushuka hata kidogo. Nikafungua boliti. Kati ya bomba na valvu mpya kulikuwa na kibati kilichokatwa kwenye mkebe, cheusi, cha miaka. Mwenye gari aliyetangulia alikiweka. Valvu yetu mpya ilikuwa ikifungua mlango kwenye ukuta, na kompyuta ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo.

Valvu ya zamani niliisafisha kwa mafuta ya taa, nikaijaribu. Nzima.

Fundi alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema turudishe kibati na mimi nifute ukaguzi kwenye programu. Nikamweleza habari ya Volkswagen: Septemba 2015 Marekani ilifichua programu iliyotambua gari likiwa kwenye kipimo na kulegeza udhibiti wa moshi likiwa barabarani, katika magari yapatayo milioni 11 duniani, na mwaka 2017 mhandisi mmoja alihukumiwa miezi 40 jela. "Hapa nani atakupima?" akauliza. Swali la haki. Hakuna aliyewahi kuipima pikapu yetu. Lakini inalala uani, inawashwa alfajiri chini ya dirisha la mama, na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. EGR haiondoi masizi, inapunguza zile oksidi tu, ila sikutaka kuwa mimi niliyeongeza.

Tulikwangua manifoldi mchana mzima, tukatoa masizi ya kujaza kopo. Fundi hakunitoza kazi ya siku hiyo, na valvu ya zamani tumeirudisha mahali pake. Ile mpya anaitafutia mnunuzi. Nimeenda Marafa na kurudi mara tatu, taa haijawaka. Nikipata nafasi nitaweka hapa programu fupi ninayotumia kurekodi tarakimu za hewa, bado ina kasoro kwenye saa.