Kitabu na Mwalimu: Habari za Wasomaji, tangu Beroya hata Pwani Yetu

Katika Matendo ya Mitume imo habari fupi ya mji wa Beroya, nayo yastahili kutangulizwa kila yanapozuka mazungumzo ya kuwafuata waalimu wa dini. Paulo na Sila, baada ya kutoroshwa Thesalonike usiku kwa sababu ya ghasia, waliingia katika sinagogi la Beroya wakafundisha. Na watu wa mji ule, ambao katika dini hawakuwa na daraja kuipita ile ya msikilizaji, walimsikiliza mgeni kwa hamu, kisha siku kwa siku wakayapekua Maandiko ili kuhakikisha iwapo yale aliyoyasema yana asili humo. Aliyekuwa akipimwa ni mtume mwenyewe, walakini aliyeiandika habari hiyo hakuwahesabu wapimaji kuwa wakaidi wala watu wa shaka; aliwasifu kwa uungwana wao. Dai la makala haya ni kwamba imani ya Kikristo, kila ilipostawi kwa afya, ilistawi pale msikilizaji alipokuwa na Kitabu mkononi na ruhusa ya kukifungua mbele ya mwalimu wake; na ya kuwa urithi huo, ambao sisi watu wa Afrika Mashariki tuliupata kwa jasho la wengi na kwa damu ya wengine, tu katika hatari ya kuuacha.

Wako wadhanio kwamba jambo hili lilianza kwa Waprotestanti wa Ulaya. Hasha. Katika mji wa Antiokia, karne ya nne ilipokuwa ikielekea mwisho, alikuwako kasisi aitwaye Yohane, ambaye baadaye alipewa lakabu ya Krisostomo kwa uhodari wa ulimi wake. Watu walijazana kumsikiliza, wakampigia makofi ndani ya kanisa kama wapigavyo katika michezo ya kuigiza, naye akawakemea kwa makofi yale. Mhubiri huyo, aliyependwa kuliko wote wa zama zake, hakuwaacha wasikilizaji wake wastarehe na hotuba zake tu: aliwasihi wasome Maandiko majumbani mwao, na walipotoa udhuru kwamba wao ni watu wa kazi, wenye wake na watoto na biashara, na kwamba kusoma ni shughuli ya watawa, aliwajibu kuwa ni kwa sababu hiyo hasa wanahitaji kusoma zaidi, kwa kuwa mtu aliye katikati ya vita hupata majeraha mengi kuliko yule aliyejitenga mbali. Nyakati zile kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono na bei yake ilikuwa kubwa, lakini hata umaskini hakuukubali kuwa hoja ya kutosha.

Karne zilizofuata zilishuhudia mlango huo ukifungwa na kufunguliwa mara nyingi. Huko Lyon, katika miaka ya 1170, tajiri mmoja aitwaye Valdo aligharimia kufasiriwa kwa Injili katika lugha ya watu wa kawaida, na wafuasi wake wakaandamwa kwa vizazi. Uingereza, baada ya John Wycliffe na wenzake kuwapa Waingereza Biblia katika lugha yao, Askofu Mkuu Thomas Arundel alipiga marufuku, kwa kanuni zilizotangazwa mwaka 1409, tafsiri yoyote isiyo na idhini. Martin Luther, baada ya kusimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521, alifichwa katika ngome ya Wartburg, na humo akalifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likachapishwa mwaka 1522. William Tyndale alilichapa lake la Kiingereza mwaka 1526 akiwa uhamishoni, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Kanisa Katoliki nalo, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iliyotolewa mwaka 1965, liliagiza kwamba njia ya kuyafikia Maandiko ifunguliwe wazi kwa waamini wote. Hivyo neno hili si la kambi moja.

Ama kwetu, mlango ulianza kufunguliwa Mombasa mwezi wa Juni 1844, wakati Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, alipoketi na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohiddin wa Barawa, wakaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Yafaa tusimame hapa kidogo. Mgeni aliyekuwa mchache wa lugha na alimu wa Kiislamu aliyekuwa bingwa wake walikaa pamoja juu ya habari za uumbaji wa mbingu na nchi, ambazo kila mmoja wao alizijua kwa njia ya dini yake. Na kabla mwezi wa Julai haujaisha Krapf alikuwa amekwisha kumzika mkewe Rosine, pamoja na binti yao mchanga, ng'ambo ya bara. Kazi haikukoma. Sura za mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki.

Unguja, Edward Steere, aliyefika mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliishika kazi hiyo kwa bidii ya ajabu, akikusanya ngano, akitunga sarufi, na kufasiri Maandiko huku kanisa kuu la Mkunazini likijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Alipofariki mwezi wa Agosti 1882, Agano Jipya lilikuwa limekwisha kufasiriwa. Biblia nzima kwa lugha ya Unguja ikatoka mwaka 1891, ile ya Mombasa mwaka 1914, ya Karl Roehl mwaka 1937, na ile ya Muungano, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, mwaka 1952.

Lakini Kitabu kilikuwa kimekwisha kusafiri kabla ya kukamilika. Mwaka 1875, H. M. Stanley alipopita katika nchi ya Buganda, alimwacha katika baraza la Kabaka Mutesa kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, ili amsomee mfalme Maandiko kwa Kiswahili. Mwalimu wa kwanza wa Biblia aliyekaa katika baraza lile, basi, hakuwa kasisi wala mzungu, bali kijana msomaji. Alexander Mackay alipofika mwaka 1878 aliendelea kwa lugha hiyo hiyo, mbele ya mfalme na wakuu na wafanyabiashara Waarabu waliohojiana naye. Na waliomfuata wakajulikana nchini kwa jina la wasomaji, kwa kuwa kusoma ndiko kulikokuwa alama yao. Ilipofika mwezi wa Januari 1885 watatu miongoni mwa vijana hao walichomwa moto, na mwezi wa Juni 1886 wengine wengi, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, wakauawa Namugongo. Hawakuwa na Biblia nzima katika lugha yao. Waliyokuwa nayo ni vipande tu.

Biblia nzima ya Kiganda ilipochapishwa mwaka 1896, kwa kazi ya George Pilkington akishirikiana na Henry Wright Duta, wachapaji walitoa chapa yake moja katika umbo lisilo la kawaida, fupi na nene sana, ili ipate kuenea ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasiile. Ndani ya vibanda vya matete na nyasi, vilivyoitwa masinagogi na kujengwa vijijini kwa mikono ya wanakijiji, watu wazima walikaa pamoja na watoto wakitamka silabi, na aghalabu mwalimu wao alikuwa ni jirani aliyewatangulia kusoma kwa miezi michache tu. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kujifanya mungu mdogo. Anachokijua kimo ndani ya mkebe, na mkebe uko katika kila nyumba.

Nguvu ya jambo hilo ilidhihirika katika nchi ya Wakikuyu, ambako Agano Jipya la Kikikuyu lilitoka mwaka 1926. Miaka mitatu baadaye, ulipozuka mgogoro mkali wa tohara ya wanawake, wasomaji waliwadai wamisionari aya iliyokuwa msingi wa amri zao. Kadhalika waliwauliza juu ya ndoa za wake wengi, wakimtaja Ibrahimu na Yakobo. Wengi walijitenga wakaanzisha makanisa na shule zao wenyewe. Nasema kwa uwazi kwamba Kitabu hakikuwa wakili wa upande wowote: kiliwanyima wamisionari haki ya kuzihesabu desturi za Ulaya kuwa ni Injili, na wakati huo huo hakuna mahali popote kinapoamuru binti akatwe. Kila aliyekwenda kwacho kutafuta silaha alijikuta naye akihojiwa.

Mwaka ule ule wa 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe wakasoma Biblia pamoja, Mganda na Mwingereza, wakifuata mafundisho ya Roho Mtakatifu kutoka kitabu hata kitabu. Na kutoka mikutano ya namna ile, na kutoka Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uamsho uliofika Burundi, Kenya na Tanganyika. Mwaka 1938 Church alitoa kijitabu cha kumsaidia kila muumini kujisomea Biblia mwenyewe.

Wala nisieleweke kuwa nawadharau waalimu. Katika Matendo yale yale, towashi wa Kushi, aliyekuwa akisoma Isaya garini mwake, alikiri kwamba hawezi kufahamu bila ya mtu wa kumwongoza, na Filipo akapanda akaketi naye. Msomaji wa peke yake naye hupotea, na wazushi wengi walianza kwa kufunga mlango na kusoma wasikosolewe na mtu. Filipo, hata hivyo, hakumnyang'anya towashi chuo chake. Alianza na andiko lile lile lililokuwa limekunjuliwa, kisha akaondoka, na yule mtu akaenda zake akifurahi, bila ya kumtafuta tena mwalimu wake. Kazi ya mwalimu ni hiyo.

Leo mhubiri hutufikia kwa redio, kwa televisheni na kwa simu; picha yake hubandikwa njia panda, na jina lake hutangulia jina la Bwana wake. Aya hunyofolewa mahali pake ikahubiriwa wiki nzima, na asikiaye hafungui sura kuona kilichotangulia wala kilichofuata. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, serikali ya Kenya ilifukua miili iliyozidi 400, na miongoni mwao watoto wadogo, ya watu wanaodaiwa kufundishwa wafunge chakula hata kufa ili wamlaki Yesu. Kesi iko mahakamani na hukumu ni ya mahakama. Nami siwalaumu marehemu, ambao wengi walikuwa wakitafuta haki kwa moyo safi. Lakini sura ya 58 ya Isaya yaeleza saumu impendezayo Mungu kuwa ni kumgawia mwenye njaa chakula. Sura ya 24 ya Mathayo yasema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Na sura ya 4 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo yawahesabu wanaozuia vyakula alivyoviumba Mungu kuwa miongoni mwa wapotoshaji. Sura tatu, ambazo mtu wa darasa la saba aweza kuzisoma kwa muda mfupi, zilikuwamo katika Biblia zile zile.

Kwa hiyo naomba jambo moja lenye kutendeka. Kila usharika na utenge saa moja katika juma ya kusoma sura nzima, pasipo hotuba, kwa sauti ya wazee na vijana, wanawake na wanaume. Na mwalimu, awe askofu au mwinjilisti, aketi katikati yao kama mmoja wao, ajibu maswali kwa kuonyesha yalipoandikwa. Aliye mwaminifu hatapungukiwa na heshima yake kwa kuulizwa. Asiyetaka kuulizwa, basi, na aonekane mapema, kabla watu hawajamkabidhi watoto wao.